Rangi ya Nimeshiba

Siku hizi simu hufungua programu zilizotengenezwa na mtoto wa nyumbani kwa mwenye simu tu. Kwa hiyo simu ya Mama Tunu ilikaa tupu mpaka Ijumaa hii, binti yake alipomaliza programu yake ya kwanza. Mimi, mwalimu wake, nikaalikwa chakula cha kuizindua.

Mama Tunu alitupakulia wali na maharage. Sahani yake ikabaki tupu.

"Kuleni, mwalimu. Mimi nimeonja sana jikoni, nimeshiba."

Simu ikawaka njano kando ya bakuli. Tunu akachota nusu ya wali wake, akamwekea mama yake.

"Inasikiliza sauti," akanieleza. "Kijani ni kweli. Njano ni uongo wa upendo. Nimeifunza kwa zile 'nimeshiba' za mama."

Mimi nilimfundisha vitufe na rangi. Hilo la upendo, sikuwahi kuwaza kwamba mtoto wa miaka tisa angeweza kuifundisha mashine.

"Haya, mpelelezi, umenikamata," alisema Mama Tunu, akicheka na kujifuta macho kwa ncha ya khanga. Akaanza kula kwa hamu.

Tunu alimtazama mpaka akaridhika. Kisha akaisogeza simu karibu na mama yake.

"Mama, niambie tena ile ya baba kurudi kutoka mgodini sikukuu ijayo."

Mkono wa Mama Tunu ulisimama na tonge lake. Akanitazama, kana kwamba mwalimu lazima ajue pa kuizimia. Sikujua. Simu sasa haikuwa na rangi, inamsubiri.