Faksi Inayochafua Karatasi

Siku hizi mahakama haioni uso wa mtu. Inapokea karatasi za faksi tu. Kwa hiyo Wakili Mbonde alimtuma mfagizi wake, Tunu, akachague mashine, maana jicho la Tunu halipitwi na kitu. Tunu alibeba kiapo cha mama yake, cha kesi ya nyumba yao, ili ajaribie mashine.

"Chukua hii mpya, dada," muuzaji alimbembeleza. "Inasafisha madoa yenyewe."

Tunu akakipitisha kiapo, nakala ikatoka inang'aa. Pale mama alipoweka dole gumba, palikuwa na sahihi ya kupendeza.

"Mama yangu hajui kushika kalamu, kaka. Nipe ile kuukuu."

"Ile? Inachafua karatasi!"

"Ichafue. Uongo haisemi."

Aliibeba kichwani hadi ofisini, akaichomeka. Mara ikaanza kukoroma: mpinzani wao katika kesi alikuwa analeta hati ya kudai ameuziwa nyumba ile. Chini yake, katikati ya madoa, Tunu akaiona ile ile sahihi ya kupendeza, na jina la mama.

Akatupia kanga begani. "Namfuata mama. Tunakwenda mahakamani na dole lake."

"Mahakama haipokei watu, Tunu," wakili alinong'ona.

"Basi itaanza na mama."