Viatu Mlangoni

Bi Swee Neo alivua viatu kwenye kizingiti cha jumba la makumbusho, akaingia pekupeku.

"Mama, hapa watu huingia na viatu," alisema Selvam, mlinzi wa zamu.

"Kwa mama yangu? Thubutu!"

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kitanda cha kuchongwa kilichozungushiwa kamba. Kibao kilisema: Wenye nyumba hii hawajulikani. Bibi akanyoosha kidole kwenye mguu wa kitanda. Selvam alipoinama kumzuia, aliona alama ndogo za meno ya mtoto kwenye mti.

"Zangu," bibi alinong'ona.

Mlangoni, wageni walioona viatu vyake wakadhani ndiyo desturi, wakavua vyao. Kufikia adhuhuri kizingiti kilijaa kama siku ya karamu. Na Selvam, pekupeku, alikuwa akiifungua kamba ya kitanda.