Simu ya Jumanne

Simu ilipolia saa sita na dakika kumi, Kimutai alikohoa, akaifuta furaha usoni kana kwamba mpigaji angeiona, akajitayarisha kuwa na huzuni.

"Bwana Kimutai, hujambo? Ni Jedidah, wa ule utafiti wa vidonge."

"Sijambo kidogo tu, dada."

"Haya, tuanze. Wiki hii umejisikia mpweke siku ngapi?"

"Tano," alisema. Uongo mtupu.

Mwezi wa Novemba jibu hilo lisingekuwa uongo. Alikuwa akipanga picha za eksirei katika ghala la chini ya hospitali moja mjini Fort Worth, mahali pasipo na dirisha hata la kupitisha inzi. Aliingia alfajiri kukiwa giza, akatoka jioni kukiwa giza. Siku za mapumziko alilala tu nyumbani kwake, mji jirani wa Arlington, mapazia yamefungwa, na majirani kila mmoja alijiingilia garini mwake akaondoka. Wiki mbili zingepita bila mtu kulitaja jina lake.

Ndipo alipoona tangazo: wanatafutwa, kwa utafiti, watu wanaoshinda kazini bila kuona jua na kuzidiwa na huzuni majira ya baridi. Wakampima damu, wakamwambia vitamini D imeshuka vibaya. Kimutai alicheka, karibu alie. Yeye, mtoto wa Nandi, aliyechunga ng'ombe juani mpaka utosi ukachemka, leo anapewa jua kwenye chupa! Jamani, Amerika ina mambo.

Alipewa vidonge, pamoja na fomu za kurudisha kwa posta kila wiki. Fomu alizijaza shingo upande. Lakini wiki ya pili, simu ya mezani kwake, ambayo haikulia ila kuulizia picha za mgonjwa, ililia, na sauti ya kike ikamsalimu kwa Kiswahili. Nusura aangushe rundo zima la picha.

Maswali yalikuwa yale yale ya fomu, ila Jedidah hakuwa na haraka.

"Umekula nini leo?"

"Mkate."

"Na jana?"

"Mkate."

"Wewe ni panya? Sukuma wiki zimejaa madukani, wanaziita jina lingine tu. Na leo kuna jua. Ukiweka simu chini, toka nje dakika kumi."

Alitoka. Alisimama katikati ya magari ameinua uso kama kuku anayemeza maji, na wazungu wakampita wakimshangaa. Jumanne iliyofuata alitoka tena.

Kufikia katikati ya Januari, alikuwa amepona. Kama ni vidonge, au ni sukuma wiki, au ni ile sauti, hakujua wala hakujali. Alijua tu kwamba anaihesabu wiki kuanzia Jumanne. Siku moja akauliza, kama mtu asiyetaka sana jibu, "Hivi mtu akipona, simu zinaendelea?"



"Sidhani," Jedidah alisema kwa sauti ndogo. "Aliyepona apigiwe ya nini?"

Tangu siku hiyo Kimutai hakupona tena. Siku tano, siku sita, wiki mbaya akasema saba. Na kwenye fomu akaandika vivyo hivyo, zisije zikapingana na simu.

"Na wewe, dada, baridi hii unaionaje?" aliwahi kumtupia.

"Mimi ndiye ninayeuliza, bwana," alimjibu, akacheka kidogo.

Sasa ilikuwa Jumanne ya mwisho wa Februari.

"Hii ndiyo ya mwisho," Jedidah alisema. "Ijumaa tunarudisha chupa. Mungu akutunze, Kimutai."

Alitaka kumwambia ukweli, lakini kabla hajaanza simu ikakatika. Alikaa na mkono wa simu sikioni mpaka saa ya chakula ikaisha. Uchungu alioupata hapo haukuwa wa kuandikwa kwenye fomu yoyote.

Ijumaa alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani, akaenda kwenye kliniki ya utafiti na chupa zake tupu. Mapokezini palikuwa na mzee mmoja mwenye miwani. Kimutai hakungoja kuulizwa.

"Nimewaharibia kazi yenu," alisema. "Nimepona tangu Januari. Nilikuwa namdanganya dada anayenipigia simu kila Jumanne. Nimekuja kumwomba radhi. Naomba tu nimwone."

Mzee alivua miwani. "Dada gani? Sisi hatujampigia mtu simu hata siku moja. Ni fomu tu, kwa posta."

"Haiwezekani. Anaitwa Jedidah. Na namba yangu angeipata wapi?"

Mzee alipekua faili, akatoa karatasi iliyopita mkono kwa mkono siku ya kujiandikisha, akamgeuzia. Kimutai aliliona jina lake kwenye mstari wa kumi na saba, na namba ya simu ya ghalani kando yake. Mstari wa kumi na nane, mshiriki aliyefuata alikuwa ameandika: Jedidah Nyaboke, mfuaji wa mashuka, Arlington.