Kuumuka Nako ni Kazi

Siku hizo kila biashara ilikuwa na Jicho ukutani, likifuata kazi hatua kwa hatua. Mikono ikitulia, taa huwa nyekundu. Ikizidi kutulia, jiko linafungwa. Mwanakheri, mpika vitumbua, alibishana nalo wiki nzima kwamba unga ukiumuka, mpishi hungoja.

Siku hiyo alingoja, na taa ikabaki kijani.

“Limesalimu amri, mama,” binti yake Raya alicheka.

“Lingefanyaje? Lingeuza vitumbua vigumu kama kokoto?”

Akamkalisha Raya mbele yake, akaanza kumsuka nywele taratibu, moyo mweupe kama mshindi wa ngoma.

“Kusuka nako kumeingizwa kwenye hesabu ya kazi,” Jicho likasema kwa upole. “Ongeza kasi kidogo.”

“Mama, unanivuta,” Raya akalalamika.

Vidole vilikuwa vimekwisha kutii.