Ukigusa, Umecheza

Saada alisogeza askari wake mweupe kwenye ubao wa sataranji, akabonyeza saa. Kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu. Upande ule ilisimama bendera ndogo ya nchi aliyozaliwa. Upande wake hapakuwa na bendera; tangu aikimbie nchi hiyo, alicheza kwa jina lake tu.

Mpinzani wake alikuwa nyuma ya kamba, katikati ya watazamaji. Alikuwa Makame, mdogo wake wa tumbo moja. Kiongozi wa timu alimshika bega.

"Atakayekaa meza moja na msaliti yule, nyumbani asirudi," alikuwa amesema, tena kwa sauti.

Dakika za Makame kwenye saa zilikaribia kuisha. Na ziishe kabla hajakaa, Saada aliomba moyoni.

Mara watu wakaguna. Makame alikuwa amepenya chini ya kamba, na sasa yuko kitini, anahema, kidole kikielea juu ya farasi mweusi.

"Usiguse!" kiongozi alifoka.

"Mdogo wangu, ukigusa umecheza," Saada alinong'ona. "Hakuna kurudisha. Mama atabaki na nani?"

"Mama ndiye aliyeniambia nikae, dada."

Kidole kikashuka. Farasi akanyanyuka. Mkono wa shati la Makame ukaikumba ile bendera, ikapinduka ukingoni mwa meza. Saada aliidaka kabla haijafika chini, akabaki nayo mkononi, hajui aiweke upande gani.