Msonyo wa Nyuma ya Ua

Restuta alimvuta Balozi Ahmadi kwa mkono wa kanzu mpaka uani kwake, majirani nyuma yao wakisukumana kama wanaokwenda ngomani. Mtaa mzima wa Kivinje ulikuwa na hamu na kesi hii.

"Nyuma ya ua huu wa makuti," alisema. "Kila asubuhi mume wangu akishaondoka, nami nikianza kufagia na kusema yangu, huyu Mwanasha ananisonya. Msonyo mrefu, unaishia kwa kidoko!"

"Mama Devota, msonyo si tusi. Hauna neno ndani yake."

"Tusi lenye neno ninalijibu. Msonyo nitaujibu nini? Ni kutemewa mate makavu!"

Wanawake wakaguna kumuunga mkono. Ni mumewe tu, Cletus, aliyekuwa kinyume. Hata asubuhi hii, akijitwika robota la mitumba kwenda Masoko, alimwambia, "Achana na kesi za aibu." Restuta haachi. Mwanasha aombe radhi mbele za watu, au ahame.

Balozi akapaza sauti. Mwanasha akatoka, akaurudishia mlango wake taratibu, akaja amejiziba mdomo kwa kanga.

"Mnamwona? Tangu Idi akiniona anajiziba hivyo, kama nanuka!"

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Jirani yako anasema unamsonya."

Mwanasha akaishusha kanga. Mbele hapakuwa na jino, juu wala chini. Ufizi mtupu.

"Yaling'olewa baada ya Idi," alisema. "Nitamsonya kwa nini, Balozi? Kwa ulimi?"

Akajaribu. Ikatoka pumzi tu, pfuu, kama mpira wa baiskeli unaoisha upepo. Uani pakalipuka kicheko.

Restuta akapandwa na mori. "Mnafiki mkubwa! Kibogoyo wewe! Sauti ninaisikia kwako kila siku, halafu unakuja kunichekeshea watu kwangu?"

Nyuma ya ua, kutoka ndani kwa Mwanasha, ukasikika msonyo. Mrefu, mzito, wa mtu aliyekatishwa usingizi. Ukaishia kwa kidoko.

Kicheko kikakatika. Mwanasha akaipandisha kanga yake mpaka machoni.

Sasa Restuta aliujua msonyo huo. Ndio ule uliomjibu kitandani kila alipouliza, "Baba Devota, kesho utarudi saa ngapi?"