Mkoko wa Jikoni

Ijumaa asubuhi nilikuta mche wa mkoko umeota jikoni kwangu, kando ya mafiga, una majani mawili. Sheria ya mwambao wetu haina mchezo: mche uliopandwa na mtu unaweza kuhamishwa, lakini uliojiotea haung'olewi. Mwenye nyumba ndiye anayehama.

Bi Zaharia, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kupanda mikoko, alikuja akachuchumaa mbele ya mche.

"Mishi mwanangu, umeupanda wewe?"

"Labda, mama."

"Labda ndiyo nini? Umeupanda au umejileta?"

Sikujua. Kila siku narudi na mbegu zimenasa kwenye kanga. Nachomeka mia mbili kwa siku, mkono umezoea. Huenda nilichomeka huku napika, akili iko kwingine. Maana kama umejileta, umeletwa na maji, na maji yako kule chini, nyuma ya mikoko niliyoipanda kwa miaka kumi na mmoja. Yangepitia wapi?

"Onja udongo," akasema.

Nikaonja. Una chumvi. Nikacheka, ingawa sikuona cha kuchekesha.

"Hapa si jikoni, mama? Chumvi naimwaga kila siku."

Bi Zaharia aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda changu, akagusa sakafu ya udongo kwa kidole, akakilamba.

"Na huku nako," akaniuliza, "huwa unapika?"